Mzigo Mdogo Tu

Nina miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo nimewatengenezea watu baridi. Mimi ni fundi wa friji. Shule niliiacha darasa la sita, wiki ile mwalimu wa jiografia aliposema mbele ya wenzangu kwamba ramani haiingii kichwani mwangu hata kwa nyundo. Nikamwachia ramani yake, nikaenda kujifunza kuchomelea mabomba. Nasikia alistaafu bila kuvuka mpaka hata mmoja. Mimi nimevuka mitano, mmojawapo nikiwa na beseni mgongoni, kwa hiyo tusiulizane nani anajua jiografia.

Ukutani mwa karakana yangu kuna kalenda ya wauza gesi. Miezi yake iliisha zamani, ila sikuibandua kwa sababu ya picha: maporomoko ya maji, mapana kama mtaa mzima, yanamwagika kutoka juu na kuinua ukungu mweupe. Nikishajaza gesi ni lazima nisubiri nione kama friji inashika baridi, na katika kusubiri huko nilikuwa nayatazama yale maji. Wateja walidhani natafuta tarehe. Nimeyatazama miaka kumi na tisa. Kuna watu wamekaa na wake zao muda mfupi kuliko huo.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni kutengeneza friji ya jikoni. Sakafuni alikuwa amekaa binti wa kigeni, miguu imejaa vumbi, anakula mkate na yai la kuchemsha. Akaniambia ametembea nchi sita za joto kwa miezi mitano, peke yake, na begi moja la mgongoni.

"Unamkimbia nani?" nikamuuliza.

"Simkimbii mtu. Naangalia tu."

Naangalia tu! Mimi nikisimama dukani kuangalia tu, mwenye duka anamwita mlinzi. Lakini neno lile nilitoka nalo. Nilipofika karakana niliitazama kalenda kwa jicho lingine. Begi moja, mtu mmoja, hakuna friji, hakuna wa kuniambia "fundi, juzi tu umeitengeneza". Chini ya picha paliandikwa jina la maporomoko na la nchi yake. Nikauliza njia: mabasi, nchi tatu za kupita halafu hiyo ya nne, vitanda vya bei ya chini, chakula cha kujipikia, na kutoka kwenye maporomoko barabara moja ya kurudi nyumbani. Siku thelathini zingetosha, mradi nisile kama bwana harusi.

Mwenye bucha, ambaye ndiye mteja anayenilipia kodi ya karakana bila yeye kujua, aliniambia waziwazi: "Thelathini nitakuvumilia. Siku ya thelathini na moja chumba changu cha baridi kinakaguliwa. Usipokuwepo namwita yule jamaa wa ng'ambo ya barabara, na akishaingia hatoki."

Yule jamaa wa ng'ambo ya barabara hajui tofauti ya kompresa na kopo la maziwa. Lakini ana sifa moja kubwa: yupo.

Mke wangu naye hakuwa na neno. "Nenda," alisema. "Ila ukirudi, hiyo kalenda itoke na ukuta upakwe rangi."

Hadi hapo mambo yalikuwa yananyooka. Kosa langu lilikuwa moja: nilitangaza safari Jumapili, nyumbani kwangu, ndugu wa pande zote wakiwa mezani.

Nilijiandaa kuulizwa kama nimerukwa na akili. Hakuna aliyeuliza. Shangazi yangu akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, hiyo nchi ya kwanza si ndiko aliko binti yangu?"

"Nchi ni kubwa, shangazi."

"Kubwa, lakini basi linapita pale pale kwake. Kuna mzigo mdogo tu."

Dada yangu akarukia. "Na ya pili yuko mwanangu! Mpwa wako, kaolewa juzi, hata sufuria hana."

"Sasa anapikia nini?"

"Si ndiyo nakwambia hana sufuria!"

Nikawaeleza kwamba safari ya begi la mgongoni si lori la mizigo, kwamba uzuri wake wote ni wepesi. Wakanisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mlevi, kisha wakaendelea kubishana kitu gani kitangulie chini ya begi.

Mama mkwe alisubiri watu wanawe mikono. Mama mkwe hana makelele, na ndiyo maana namwogopa. Mtoto wake wa mwisho, ambaye ukoo mzima unamwita Kitinda ingawa ana miaka thelathini na minne na upara unaanza, yuko nchi ya nne. Aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita akisema anakwenda mwaka mmoja na atarudi na gari. Hajarudi yeye wala gari. Hupiga simu kila mwaka mpya, na akiulizwa anarudi lini simu hukatika. Mtandao wa nchi ile una akili sana.

"Mkwe wangu," akasema mama, "na mimi utanibebea."

Shangazi alileta mapazia. Mita tisa, kitambaa kizito, maua makubwa kama sahani. Dada alileta sufuria tatu zimeingizwa moja ndani ya nyingine, "hazichukui nafasi". Mama mkwe alileta furushi lililoshonwa pande zote kwa uzi wa gunia, ukubwa wa mto wa kulalia, uzito wa mtoto wa miezi sita.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Vya mwanangu."

"Mpakani wataniuliza."

"Waambie ni vya mwanangu. Na usilifungue. Akupokee yeye, alifungue yeye. Nipe neno lako."

Nikampa. Nilikuwa nimeshiba, na mtu akishiba huahidi ovyo. Nafasi iliyobaki kwenye begi ilitosha suruali moja, mashati mawili na bisibisi. Nilikuwa nimeapa kutobeba zana, lakini bisibisi si zana, ni kama kitambulisho.

Nchi ya kwanza nililala kwenye nyumba ya wageni ya vijana wa mabegi, chumba kimoja vitanda vinane vya kupandana, mimi juu, chini yangu kijana aliyekuwa anaongea na simu yake kuhusu amani ya moyo. Blanketi lilikodishwa kwa pesa nyingine. Nikatoa mapazia ya shangazi, nikajifunika mita tisa za maua. Asubuhi vijana walikuwa wananitazama kama mfalme aliyepinduliwa.

Binamu yangu nilimkuta siku ya nne. Akayakunjua mapazia, akayanusa.

"Kaka, mbona yananuka jasho?"

"Ni joto la njiani."

"Na mama anajua nyumba hii ina dirisha moja. Mita tisa nazipeleka wapi?"

"Jifunike. Yanafaa."

Nilitaka kuaga pale pale. Akasema, kaka, chai kwanza. Alipofungua friji kutoa maziwa nikasikia. Sikutaka kusikia, lakini masikio haya yameajiriwa miaka ishirini na sita. Kompresa ilikuwa inakoroma.

"Inagandisha hiyo?" nikauliza, na hapo ndipo nilipojifunga kitanzi mwenyewe.

Siku ya kwanza nilitengeneza ya kwake. Ya pili, ya jirani yake. Ya tatu kulikuwa na foleni uani, na mama mmoja alileta ya kwake juu ya mkokoteni. Nilizunguka nchi ile yote kutoka jiko la binamu hadi uani kwa binamu. Mandhari nzuri.

Nchi ya pili nilipanga kujifichia kwenye nyumba ya wageni kwanza, nipumzike siku mbili, ndipo nimtafute mpwa. Jiko la pale lilikuwa na kikaango kimoja kisicho na mpini. Mimi nikatokea na sufuria tatu mpya. Dakika ile nilipata marafiki wa dunia nzima. Walinikopa asubuhi, mchana, jioni. Binti mmoja aliyesema amekataa kumiliki vitu ndiye aliyeng'ang'ania ile kubwa. Siku ya pili zilirudi zimeungua chini, nyeusi tititi, na makaroni yamegandia kama plasta.

Mpwa wangu alizigeuza chini juu, akatikisa kichwa.

"Mjomba, hizi mama kanunua za mtumba?"

"Zimezoea kazi. Mpya hushikisha chakula."

Pale ndipo nilipojifunza jambo ambalo vijana wa mabegi hawalijui: mizigo huzaana. Mama mkwe wa mpwa wangu, mama mnene mcheshi ambaye simjui hata kwa salamu, alisikia naelekea nchi ya tatu. Ana mwana huko. Akaenda dukani, akarudi na beseni la kuogeshea mtoto, la plastiki, la rangi ya waridi, refu kama meza.

"Mzigo mdogo tu, baba. Wala hauna uzito."

Kweli, halikuwa na uzito. Upepo ndio ulikuwa na uzito. Nililifunga kwa kamba juu ya begi, limeinamia mgongo, na kuanzia hapo nikawa kobe. Kwenye basi lilikaa juu ya magoti yangu na watu wawili wa pembeni wakaweka mikate yao ndani yake. Mvua ilipotukuta kwenye foleni ya mpaka, niliwekwa katikati na wanawake watatu wakajisogeza chini ya beseni. Afisa wa uhamiaji aliangalia pasipoti yangu, akaangalia beseni, akauliza:

"Madhumuni ya safari?"

"Utalii."

Akawaita wenzake wawili waje wanione. Nikagongewa muhuri bila swali lingine.

Mwana wa yule mama nilimpata siku ya ishirini na moja, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Mkewe alifungua mlango. Alilitazama beseni, akanitazama mimi, kisha akageuka ndani na kusema kwa sauti tulivu kabisa, "Mama yako ameanza tena." Hawakuwa na mtoto. Hawakuwa hata na mpango wa mtoto. Niliondoka kabla hawajanitafutia friji.

Siku ya ishirini na tatu nikavuka kuingia nchi ya nne. Begi lilikuwa na nguo zangu na furushi la mama mkwe, basi. Nikakaa kwenye benchi la stendi nikauliza habari za mabasi, na muuza tiketi akanichorea msalaba kwenye karatasi. Kusini, siku mbili: maporomoko, na kutoka hapo siku tatu hadi nyumbani. Kaskazini, siku mbili: mji wa Kitinda, na kutoka hapo siku nne hadi nyumbani kwa barabara nyingine. Hakuna namna ya kwenda kusini na kaskazini na bado kumkuta mwenye bucha siku ya thelathini na moja. Niliigeuza ile karatasi kila upande. Mwalimu wa jiografia angefurahi.

Nikampigia mke wangu.

"Nenda kwa Kitinda," akasema. "Mama kila siku anauliza umefika wapi."

"Na maporomoko?"

"Si unayo picha?"

"Miaka kumi na tisa ninayo picha!"

"Ulimpa neno, baba watoto."

"Nilimpa neno kwamba sitalifungua. Sikusema nitampelekea kitandani."

Akacheka. Nikakata simu, nikatafuta namba ya Kitinda, nikaandika hivi: "Shemeji, mzigo wako toka kwa mama ninao. Keshokutwa kutwa nzima nipo kwenye geti la maporomoko. Basi langu la nyumbani linaondoka saa kumi na moja jioni. Njoo uchukue. Usipokuja nautupa majini." Kisha nikazima simu, kwa sababu na mimi nina mtandao wenye akili.

Nikafika siku ya ishirini na tano, saa tatu asubuhi. Kabla hujaona chochote unasikia. Hili kalenda haikuniambia. Nilidhani ni lori kubwa linapanda mlima mahali fulani, nikasubiri lipite. Halikupita.

Nikalipa kiingilio, nikaenda kwenye geti. Mlinzi, mwanamume mfupi mwenye sare iliyomzidi, akaweka mkono juu ya begi langu.

"Fungua."

Akapekua suruali, mashati, akaitazama bisibisi kwa muda, akaiacha. Kisha akalitoa furushi.

"Na hili?"

"Si langu. La mtu."

"Fungua tuone."

"Siwezi. Nimetoa neno."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mkwe."

Mlinzi akalirudisha mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayekabidhi msiba. "Mzee, nakuelewa. Lakini kisichofunguliwa hakiingii. Huko ndani watu wameshatupa vitu vingi sana."

"Niwekee hapa basi, nitazame nusu saa nirudi."

"Kisichofunguliwa hata mimi sikai nacho."

Mkononi nilikuwa na tiketi ya siku moja, masikioni ngurumo, na hatua mia mbili mbele yangu maji niliyoyangoja miaka kumi na tisa. Uzi wa gunia ungekatika kwa bisibisi moja. Nani angejua? Mama mkwe angejua. Angeuona tu ule mshono kwa macho yake yale, kutoka huko huko nyumbani.

Nikakaa kwenye jiwe nje ya geti. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Vijana wa mabegi waliingia wakiwa wakavu wakatoka wamelowa, wakiwa na nyuso za watu waliosamehewa kitu. Dada wa tiketi za getini alinihurumia, akaniletea kiti.

"Baba, ingia tu. Maji hayahami, lakini basi lako linahama."

"Namngoja mtu."

"Atakuja?"

"Tangu mimi nimfahamu hajawahi kuja."

Saa nane nikaanza kujitayarisha kwa lile lililobaki, yaani kupanda basi na kurudi nyumbani nikiwa nimeyasikia maporomoko kama kwa redio. Saa tisa kasoro likasimama lori la saruji. Akashuka mtu mweupe toka kichwani hadi miguuni, nyusi zote zimejaa vumbi la saruji. Upara ndio niliotambua.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Ungetupa kweli?"

"Bado nafikiria. Umechelewa."

"Nimebadilisha malori manne, usiku na mchana bila kulala! Mimi napanga mifuko ghalani, siyo bosi. Nimeomba ruhusa, nimeambiwa mama yangu awe amekufa ndiyo niruhusiwe."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mgonjwa." Akatazama chini. "Mzima?"

"Mzima kuliko mimi. Fungua."

Mlinzi alikuwa ameshasafisha meza yake ya ukaguzi. Nadhani kutwa nzima alikuwa na hamu kuliko sisi. Kitinda akakata uzi kwa bisibisi yangu. Juu kabisa palikuwa na shati la kijani, limefuliwa na kupigwa pasi. Shati jingine. Viatu vya mpira, soli zimekauka. Redio ndogo isiyo na kifuniko cha betri. Kikombe cha bati. Mkanda. Wembe ulioota kutu. Shuka. Nikangoja kitu cha maana kitokee, barua, picha, chochote. Mlinzi alikuwa anakipokea kila kimoja na kukilaza mezani kwa mpangilio, kama muuza mitumba mwenye adabu.

"Hivi ni vyangu," Kitinda akasema. "Niliviacha chumbani. Nilimwambia mama asiviguse, nakuja kuchukua."

"Lini?" akauliza mlinzi.

"Zamani kidogo."

Chini kabisa palikuwa na kufuli na funguo zake mbili zimefungwa kwa uzi ule ule wa gunia. Kitinda alilishika mkononi akalipima.

"La nini hilo?" nikauliza.

"La mlango wa chumba changu."

"Kwa hiyo chumba sasa kiko wazi," akasema mlinzi.

"Au kina mtu mwingine," akasema dada wa tiketi, ambaye sijui alifika saa ngapi.

Kitinda akaanza kuvirudisha vitu ndani ya kitambaa haraka haraka, viatu juu ya shati safi, mikono yake ikiacha alama za saruji kila mahali. Akafunga fundo. Akanisukumia furushi kifuani.

"Shemeji, mrudishie. Mwambie aniwekee. Mwambie asimpe mtu kile chumba. Nikikaa sawa nakuja."

Nilimtazama. Nilifikiria mapazia, sufuria, beseni. Nilifikiria magoti yangu.

"Hapana."

"Ni mzigo mdogo tu!"

"Nimeubeba nchi nne. Nimelala nao, nimekula nao, nimenyimwa maji kwa ajili yake. Ukitaka vikawekwe, nenda ukaviweke."

"Niende na nini? Niliwaambia nitarudi na gari. Nitashuka kwenye basi na mfuko wa nguo kuukuu, watu wote wananiangalia?"

"Kwani hapa umekuja na gari?"

"Nimekuja na lori la saruji."

"Na umefika," nikasema. "Malori manne kwa ajili ya kikombe cha bati. Hakuna aliyekucheka ila huyu mlinzi."

"Sijacheka," akasema mlinzi. "Ni mafua."

Nikaacha furushi mikononi mwake, nikachukua begi langu, ambalo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile lilikuwa na vitu vyangu peke yake, nikapita getini. Mgongo ulikuwa mwepesi mpaka nikapepesuka. Nyuma nikasikia mlinzi anamwambia Kitinda, "Na wewe pita nalo, kaka. Limeshakaguliwa."

Nilipata saa moja na nusu. Picha ni ya uongo, niseme ukweli. Kwenye picha kuna mwisho. Ukifika ukingo wa karatasi maji yanakoma. Pale hayakukoma upande wowote nilioangalia. Niliweka kiganja kwenye chuma cha kuzuia watu wasianguke, kama ninavyokiweka juu ya friji kusikiliza kompresa, na chuma kilikuwa kinatetemeka, sawasawa, bila kukosea pigo hata moja. Hakuna kitu pale cha kutengeneza. Miaka ishirini na sita sijawahi kugusa kitu kisichohitaji kutengenezwa. Nikalowa mpaka pasipoti.

Kitinda alikuja kusimama pembeni yangu. Saruji ilianza kumshuka mashavuni kwa mistari, na kama haukuwa ukungu pekee uliomlowesha, hayo si yangu kuuliza. Miaka kumi na mmoja ndani ya nchi ile, ilikuwa mara yake ya kwanza kufika.

"Maji mengi," akapiga kelele sikioni mwangu.

"Naam," nikamjibu. Ndiyo maongezi ya kwanza tuliyowahi kufanya bila mzigo ndani yake.

Saa kumi na moja nikapanda basi. Yeye alibaki stendi na furushi chini ya kwapa, anauliza lori linaloelekea kaskazini. Sikugeuka kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimepata kiti cha dirishani na kuna mama alikuwa anakimezea mate.

Nyumbani nilifika siku ya ishirini na nane. Kabla sijaoga nikapitia kwa mama mkwe. Mlango wa chumba cha uani haukuwa na kufuli, nikachungulia. Kitanda kimetandikwa, rafu tupu, sakafu imepigwa deki. Hapakuwa na mtu.

"Ulimpa?" akauliza.

"Nilimpa, mama."

"Alifungua mwenyewe?"

"Mbele ya mlinzi na dada wa tiketi."

"Akasemaje?"

"Aliniomba nikurudishie, umwekee."

Aliacha kumimina chai. "Na wewe?"

"Nilikataa."

Nilisubiri. Miaka ishirini na mitatu nimeoa kwenye nyumba hii, na sijawahi kumkatalia mtu wake yeyote kitu. Mama mkwe aliangalia mikono yangu mitupu, akaangalia begi, akanijazia kikombe hadi juu, kisha akaongeza sukari ambayo siku zote husema itaniua.

"Vizuri," akasema. "Nimechoka kukilinda kile chumba. Aje akilinde mwenyewe."

Siku ya thelathini na moja nilikuwa ndani ya chumba cha baridi cha mwenye bucha, koti limefungwa hadi shingoni, sikio kwenye mtambo. Yule jamaa wa ng'ambo ya barabara alikuwa anazunguka nje kama nzi. Mke wangu akafungua mlango, akasimama pale pale kizingitini kwa sababu ya baridi.

"Kitinda amepiga simu. Yuko mpakani, anauliza basi la kuja huku linaondoka saa ngapi."

"Na simu haikukatika?"

"Haikukatika. Mama anasema uende stendi ukampokee kesho. Amebeba mzigo."

"Mkubwa?"

"Kasema mdogo tu."

Nikageukia mtambo wangu. "Mwambie mama nitakwenda," nikasema. "Lakini abebe mwenyewe. Na hiyo rangi ya ukuta, tafuta nyeupe ya ukungu, maji yasikomee kwenye karatasi. Kalenda haitoki."